CHEMBE INAYOKATAA KUFA

(Ifuatayo ni hotuba ya daktari mmoja wa magonjwa ya saratani, aliyoitoa mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Barua ya kunialika ilinitaka nizungumzie maendeleo ya kisasa katika tiba ya saratani. Jambo hilo ni pana mno, na mtu akijaribu kulimaliza kwa saa moja atawaacheni na majina mengi ya dawa na maana haba. Kwa hiyo nimechagua kipande kimoja tu, nacho ni kifo. Sisemi kifo cha mgonjwa, ingawa nitafika huko. Nasema kifo cha chembe hai, hizo ambazo walimu wa baiolojia huziita seli, na ambazo miili yetu imejengwa kwazo kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba afya ni uhai na maradhi ni kifo. Katika ngazi ya chembe hai mambo hayako hivyo. Tangu mlipoketi asubuhi hii, mamilioni kwa mamilioni ya chembe za kila mmoja wenu zimekwisha kufa, na ni kwa sababu zimekufa ndiyo maana mko wazima. Chembe nyekundu ya damu huishi siku zipatazo 120, kisha huondolewa. Utando wa ndani wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Kiluwiluwi hupoteza mkia wake ili awe chura. Mkia huo haukatwi na mtu, bali chembe zake hufa kwa amri. Hata vidole vyenu mnavyoshikia kalamu, ndugu walimu, mlipokuwa tumboni mwa mama zenu vilikuwa vimeunganishwa na ngozi kama mguu wa bata, mpaka chembe zilizokuwa katikati zilipopewa amri ya kufa, nazo zikatii.

Mwaka 1972 wanasayansi watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliandika katika jarida moja la Uingereza la mambo ya saratani kwamba chembe hai zina namna mbili za kufa. Namna ya kwanza ni ya ajali. Chembe ikiungua, au ikikosa hewa ya oksijeni, huvimba ikapasuka, vilivyomo ndani vikamwagika, na mahali hapo pakawasha na kuvimba. Namna ya pili ina utaratibu. Chembe hunywea, hujikatakata ndani kwa ndani, hujifunga katika vifurushi vidogo, na jirani zake huvila vifurushi hivyo kimyakimya bila ya dalili yoyote ya fujo. Wanasayansi hao walikuwa katika Chuo Kikuu cha Aberdeen kule Uskochi, wakamwendea profesa wa Kigiriki, James Cormack, awatafutie jina la kifo hicho cha pili. Akawapa neno apoptosisi, ambalo Wagiriki walilitumia kwa majani yanayoanguka mtini. Mimi husema kwamba wangetufikia sisi tungewapa neno zuri zaidi na lisilouma ulimi. Majani kwetu hupukutika. Basi kwa ruhusa yenu, leo nitakiita kifo hicho kupukutika.

Amri ya kupukutika hutoka wapi? Jibu lilipatikana kwa mnyoo mdogo wa udongoni, mwenye urefu wa milimita moja hivi, ambaye mwili wake unapenya mwanga kiasi kwamba mtu anaweza kuzihesabu chembe zake zote kwa darubini. Mnyoo huyo hutengeneza chembe 1,090 za mwili wake, na kati ya hizo 131 hufa, daima zilezile na kwa wakati uleule. Sydney Brenner, aliyezaliwa Afrika ya Kusini, pamoja na John Sulston na Robert Horvitz, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi iliyoonyesha kwamba vifo hivyo vimeandikwa katika jeni za mnyoo mwenyewe. Jeni za namna hiyohiyo tunazo sisi.

Sasa nitawaelezeni mtambo wenyewe, nao si mgumu kama unavyosikika. Ndani ya kila chembe hai mna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambavyo kazi yake inayojulikana na kila mwanafunzi ni kutengeneza nguvu. Jambo ambalo halikuwa katika vitabu tulivyosoma sisi wa zamani ni kwamba vijumba hivyo vimehifadhi pia ufunguo wa kifo. Ukuta wake ukitobolewa, protini iitwayo sitokromu c hutoka nje, nayo huviamsha vimeng'enya vinavyoitwa kaspesi, ambavyo kazi yake ni kukata. Vikishaamka havirudi nyuma. Wapo watoboaji wa ukuta huo, na wapo walinzi wanaowashika mikono watoboaji hao wasifanye kazi. Mlinzi aliye mashuhuri kuliko wote huitwa Bcl-2. Na yuko mwingine, p53, aliyegunduliwa mwaka 1979, ambaye hukagua maandishi ya urithi ndani ya chembe. Akikuta yameharibika, huisimamisha chembe itengenezwe, na ikiwa haitengenezeki, hutoa amri ipukutike. Zaidi ya nusu ya saratani za binadamu zina p53 iliyoharibika. Tembo, ambaye kwa ukubwa wa mwili wake na wingi wa miaka yake angetazamiwa apate saratani kila siku, huipata kwa nadra. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba ana nakala zipatazo 20 za jeni hiyo, ilhali sisi kila mzazi ametupa moja moja. Chembe za tembo zikidhurika kidogo tu, hupukutika bila ya kujadiliana.

Kwa hiyo saratani ni nini? Zamani tulifundishwa, na baadhi yetu bado tunafundisha, kwamba saratani ni chembe zinazozaana kupita kiasi. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Mwaka 1984 Yoshihide Tsujimoto na Carlo Croce, wakifanya kazi Philadelphia, Marekani, waliichunguza saratani moja ya tezi wakakuta kromosomu mbili, ya 14 na ya 18, zimekatika na kuungana vibaya. Mahali zilipoungana ndipo palipokuwa na jeni ya yule mlinzi, Bcl-2. Kila mtu alidhani kwamba wamepata jeni nyingine ya kuzalisha chembe. Mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams, huko Melbourne, Australia, wakaonyesha kuwa sivyo. Chembe zenye Bcl-2 nyingi hazikuzaana kwa haraka. Zilikataa kufa tu. Hata zilipokosa kichocheo cha ukuaji zilichokihitaji, ziliendelea kukaa. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba kukataa kufa ni njia ya saratani kama vile kuzaana kulivyo.

Ndugu Mwenyekiti, labda wako wanaojiuliza mambo ya Aberdeen na Melbourne yanatuhusu nini. Nitawapelekeni Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa pale kumwona mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye akaona mwingine wa namna hiyo, akaanza kuwatafuta. Mwaka 1958 aliandika habari za uvimbe huo, na mwaka 1961, ule ule ambao Tanganyika ilipata Uhuru, yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri maili 10,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali hadi hospitali kama uvimbe huo unajulikana. Waliporudi walikuwa na ramani. Ugonjwa ulikuwa wa nyanda za joto na mvua, mahali penye malaria. Penye baridi na mwinuko haukuwapo. Kutokana na uvimbe wa watoto hao wa Uganda, mwaka 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na saratani ya binadamu. Virusi hivyo, niongeze, vimebeba jeni yao wenyewe inayofanana na Bcl-2. Vinapoingia katika chembe vinakuja na mlinzi wao.

Limfoma ya Burkitt ndiyo saratani inayokua upesi kuliko karibu zote tunazozijua. Ndani yake jeni iitwayo MYC imehama kutoka kromosomu ya 8, aghalabu kwenda ya 14, na huko imewashwa isizimike. Lakini MYC ina tabia ya ajabu, iliyothibitishwa mwaka 1992: inapoihimiza chembe izaane, huihimiza pia ife. Ndiyo maana katika uvimbe wa Burkitt chembe zinazaliwa kwa wingi na zinapukutika kwa wingi. Ukikitazama kipande chake kwa darubini utaona uwanja wa rangi nzito ya samawati, na humo mabaka meupe yametawanyika huku na huko. Madaktari huuita anga lenye nyota. Kila nyota ni chembe mlaji iliyojaa maiti za chembe nyingine. Nimeliangalia anga hilo mara nyingi, na kila mara hunijia kwamba uvimbe huu umesimama ukingoni mwa kifo chake wenyewe, unangoja kusukumwa kidogo tu.

Na msukumo huo tunao. Burkitt mwenyewe aligundua kwamba dawa kama saiklofosfamaidi na vinkristini, hii ya pili ikitoka katika ua litokalo Madagaska, huuyeyusha uvimbe kwa siku chache. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, na mengi ambayo dunia inayafahamu leo kuhusu kuchanganya dawa za saratani yalijaribiwa hapo, kwa watoto wa Kiafrika. Dawa hizo haziichinji chembe kwa kisu. Moja huharibu maandishi ya urithi, nyingine huzuia kugawanyika, na chembe yenyewe, ikiona uharibifu umezidi, hujipukutisha. Mionzi nayo hutegemea kwa sehemu kubwa utii huohuo. Tulizitumia dawa hizi kwa miaka mingi bila ya kujua kwamba tulikuwa tunagonga mlango ambao ndani yake mna mtu wa kufungua.

Hapa ndipo ninapotaka kuwasimulieni kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, aliletwa mtoto wa darasa la pili, mwenye umri wa miaka saba. Mwalimu wake ndiye aliyegundua kwamba hatafuni upande mmoja na kwamba magego yake yanalegea. Kabla ya kufika kwetu alikuwa amekwisha kung'olewa meno mara mbili mahali pengine, na muda wa wiki sita ulikuwa umepotea. Tulikata kipande, tukaliona lile anga lenye nyota, tukaanza dawa. Siku ya sita taya lilikuwa limerudi mahali pake. Siku ya tisa mtoto alikuwa anacheza mpira wa makaratasi uani. Bibi yake, aliyekuwa akilala sakafuni chini ya kitanda chake, alinijia akiwa amekwisha kufunga mizigo. Akaniambia, "Daktari mwanangu, uvimbe umekwisha. Sasa unataka kutibu kitu gani tena?"

Nilimjibu kwamba bado mizunguko mitano. Nikamwambia ni utaratibu. Ndivyo nilivyosema, "ni utaratibu, mama", kama karani wa dirishani, kisha nikaenda zangu wodini. Kesho yake kitanda kilikuwa kitupu. Waliporudi, yapata miezi miwili baadaye, mtoto hakuweza kufunga jicho moja, maana ugonjwa ulikuwa umeingia katika maji ya ubongo. Tulimzika mwezi uliofuata.

Bibi yule aliuliza swali la kisayansi, nami nilikuwa na jibu lake, sikumpa. Ningekaa naye kwa robo saa ningemwambia hivi. Uvimbe unaolingana na ngumi ya mtoto, wenye uzito wa gramu 100, una chembe zipatazo bilioni 100. Tuseme dawa ya kwanza imeua 999 katika kila 1,000. Ni ushindi mkubwa, uvimbe hauonekani kwa jicho wala haushikiki kwa mkono. Lakini zimesalia chembe milioni 100. Tena hizo zilizosalia si zilizobahatika tu. Wamo wenye p53 mbovu wasioisikia amri, wamo wenye walinzi wengi, na wamo waliojificha katika uti wa mgongo ambako dawa ya mshipani haifiki vizuri, ndiyo sababu tunachoma sindano mgongoni, kitendo ambacho wazazi wanakiogopa kuliko vyote. Ikiwa zitaongezeka maradufu kila baada ya siku tatu, basi baada ya mara kumi, yaani mwezi mmoja, uvimbe umerudi pale ulipokuwa. Mama anayejua kuhesabu kuku wake angelielewa jambo hilo. Mzunguko wa pili na wa tatu na wa sita ni kwa ajili ya wale wasioonekana.

Katika nchi tajiri watoto wapatao 9 katika kila 10 wenye ugonjwa huu hupona. Katika vituo vingi vya Afrika huwa nusu, au pungufu ya nusu. Tofauti hiyo haitokani na upungufu wa akili, wala kwa sehemu kubwa haitokani na dawa mpya za ajabu. Dawa zilizo muhimu zaidi ni zilezile za zamani, na bei yake si kubwa. Watoto wanachelewa kufika, na wakifika wanaondoka kabla ya wakati. Nauli inakwisha, mvua zinaanza na shamba linangoja, au daktari anasema "ni utaratibu".

Niseme kidogo pia juu ya hatari ya kufa kwa haraka mno, maana kuna uvumi kwamba dawa zetu huua watu, na uvumi huu una chembe ya ukweli. Uvimbe mkubwa ukipukutika wote kwa siku mbili, yaliyokuwa ndani ya chembe humwagika katika damu kuliko figo zinavyoweza kuyaondoa. Potasiamu hupanda, moyo huenda ovyo, figo huziba. Kwa hiyo kabla ya dawa yenyewe tunampa mtoto maji mengi ya mshipani na vidonge vya kulinda figo, na tunapima damu usiku na mchana. Mzazi anayemwona mwanawe akitundikiwa chupa baada ya chupa za maji tu, huku uvimbe ukizidi, hudhani kwamba tunampuuza.

Hatari hiyohiyo ilijitokeza kwa dawa mpya iliyotokana na elimu hii yote. Ikiwa mlinzi Bcl-2 ndiye anayewashika mikono watoboaji, kwa nini tusitengeneze kitu cha kumshika yeye? Kazi hiyo ilichukua karibu miaka 30 tangu jeni ilipogunduliwa. Dawa ya kwanza iliyokaribia ilimshika pia ndugu yake Bcl-2 anayelinda chembe za kugandisha damu, hata wagonjwa wakapungukiwa nazo. Ndipo ikapatikana venetoclax, iliyoruhusiwa Marekani mwezi Aprili 2016 kwa baadhi ya wagonjwa wa lukemia ya polepole inayowapata wazee. Katika majaribio ya awali dawa hiyo ilifanya kazi upesi mno kiasi kwamba baadhi ya wagonjwa walipoteza maisha kwa sababu ya kumwagika huko niliko kueleza. Leo mgonjwa huanza na miligramu 20 kwa siku, akapanda kila wiki, 50, 100, 200, mpaka afike 400 katika wiki ya tano. Sijui mfano mwingine ulio bora wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba nguvu ya dawa na faida yake ni vitu viwili.

Wala venetoclax si mwisho wa safari. Saratani ikizuiliwa Bcl-2 hukimbilia kwa mlinzi mwingine, Mcl-1, na baadhi ya majaribio ya kumzuia huyo yamesimamishwa kwa kuwa moyo nao unamhitaji. Wengine wanatafuta milango tofauti kabisa. Tangu mwaka 2012 inajulikana njia iitwayo feroptosisi, ambamo chuma kilichomo ndani ya chembe huozesha mafuta ya ukuta wake, karibu kama bati linavyoliwa na kutu. Hiyo bado ni kazi ya maabara. Nami nawaombeni, ndugu walimu, mnaposoma gazetini kwamba majani ya mti fulani yameua chembe za saratani katika kichupa, mkumbuke kwamba hata maji ya chumvi kali huziua chembe katika kichupa. Kazi ngumu ni kuziua hizo na kumwacha mwenye nazo.

Bei ya dawa kama venetoclax iko mbali na mshahara wa mtu yeyote aliyeko katika ukumbi huu. Sitaki kulificha jambo hilo, wala sitaki likae mbele ya macho yetu kiasi cha kutufanya tusione kilicho mkononi. Limfoma ya Burkitt inatibika Muhimbili, inatibika Bugando, kwa dawa tulizo nazo, ikiwa mtoto atafika mapema na atabaki mpaka mwisho. Mwalimu akiona taya limevimba, au gego la mtoto wa miaka sita linatikisika bila ya sababu, au tumbo linakua upesi kwa muda wa wiki mbili, asingoje mwisho wa muhula. Na mkuu wa ofisi aliyeletewa barua ya mtumishi anayeomba ruhusa kwa mara ya nne ili ampeleke mtoto hospitali, ambaye kila mtu kijijini amemwona akiwa mzima, akumbuke zile chembe milioni 100.

Wiki iliyopita nilimwandikia mama mmoja barua ya namna hiyo. Binti yake amemaliza mzunguko wa nne, taya limenyooka, nywele zimeanguka, na ametaka kujua kama ataruhusiwa kufanya mtihani wa kufunga shule akiwa amevaa kofia. Mzunguko wa tano ni Jumatatu. Mama ameniahidi kwamba watakuja kwa basi la alfajiri.